Jinsi ya kuchora ramani ya mafuriko ya mtaa wako kwa simu, tepu na OpenStreetMap

Vuli au masika yakikaribia, maswali huwa yale yale. Lazima tuwe na droni? Asiyesomea upimaji ardhi ataweza? Tutumie programu gani? Na mbona ramani iliyochorwa mwaka ule imeishia kabatini kwa mtendaji?

Majibu mafupi: droni si lazima, na kuirusha kunahitaji vibali ambavyo vitakula muda wenu wote. Upimaji ardhi si lazima usomewe. Ramani nyingi huishia kabatini kwa sababu zilichorwa kwenye kompyuta kwanza, wakazi wakaitwa mwishoni kuzipigia makofi. Hapa tunaanza na mtaro na alama ya maji ukutani. Kompyuta inakuja baadaye.

Mifano ni ya Dar es Salaam, hasa mitaa ya bonde la Mto Msimbazi, kwa sababu huko ndiko mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kata kwa kata, na takwimu zake bado zipo wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Hatua zenyewe zinafaa mtaa wowote wenye mto, korongo au mtaro mkubwa. Hazifai kwa maporomoko ya tope na mawe kama yale ya Hanang ya Desemba 2023. Hayo yanataka wataalamu wa miamba, msijaribu kuyakadiria kwa tepu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Ruhusa. Barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata. Wajumbe wa mashina waelezwe ana kwa ana. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Kama ya kwenu ipo, kazi iwe ya kamati, ninyi mkiwa watendaji wake. Kama ipo kwenye makaratasi tu, hii ndiyo nafasi ya kuiamsha.

Watu. Kwa mtaa wa kilomita moja ya mraba, watu wanane wanaofanya kazi wawili wawili: mmoja ana simu, mwingine ana tepu na ndiye anayezungumza. Kila jozi iwe na angalau mmoja aliyeishi hapo miaka mitano au zaidi. Jozi moja ikadirie pointi (mahali panapopimwa) 30 hadi 40 kwa siku. Mkilazimisha 80, mtaanza kupata vipimo vya kubuni.

Vifaa.
- Simu ya Android kwa kila jozi, yenye GPS inayofanya kazi, na pawabenki.
- Tepu ya mita 5 kwa kila jozi, na moja ya mita 30 kwa timu nzima.
- Fito iliyonyooka ya mita 2, iliyochorwa alama kila sm 10, ya kuchoma hadi chini ya mtaro.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15, ule mafundi ujenzi wanaoutumia kupata usawa.
- Buti za mpira na glovu. Mitaro ya mjini ina maji ya vyoo na vioo vilivyovunjika.
- Kompyuta moja yenye QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani. RAM ya GB 8 inatosha. Ya GB 4 itafanya kazi kwa kulalamika.
- Akaunti ya OpenStreetMap na ya KoboToolbox, tovuti ya kutengeneza fomu zinazojazwa kwa simu. Kuzifungua ni bure.

Visivyobebwa: rangi na chaki. Watu wa mabondeni wameshaona alama ya X ikichorwa ukutani na baadaye nyumba ikabomolewa. Ukichora chochote kwenye nyumba ya mtu, hata mshale wa kuonyesha maji yalipofika, mtaa mzima utakufungia milango kabla ya adhuhuri.

Msimu. Kwa Dar, Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mtaro uliojaa maji haupimiki, na hakuna sababu ya kumpeleka mtu mtoni mvua ikinyesha.

## Hatua ya 1: Chagueni tukio moja

Usiulize "maji huwa yanafika wapi?" Utapata wastani wa kumbukumbu za miaka kumi, nao hauna maana kwenye ramani. Chagueni mafuriko mamoja ambayo wengi wanayakumbuka kwa jina: ya Desemba 2011, ya Aprili 2018, au ya masika ya 2024. Ya karibuni zaidi ni bora, kwa sababu alama za tope bado zipo ukutani na wapangaji hawajahama. Wapangaji wa Dar huhama sana. Mtu aliyeingia mwaka jana hawezi kukwambia habari za 2018, na adabu itamfanya akujibu hata hivyo.

Mkitaka kuongeza tukio la pili, lipewe tabaka lake, yaani safu ya ramani inayoweza kuwashwa na kuzimwa peke yake. Kamwe msichanganye.

## Hatua ya 2: Kamilisheni ramani ya msingi

Fungua OpenStreetMap kwenye kompyuta, tafuta mtaa wako, bonyeza sehemu ya kuhariri. Sehemu kubwa ya Dar utakuta majengo yameshachorwa, lakini mengine yamebomolewa na mapya yamejengwa. Kazi yako ni kusawazisha.

1. Angalia kwanza kama picha ya setilaiti imesogea. Washa tabaka la nyayo za GPS zilizopakiwa na watumiaji. Kama barabara kwenye picha haikai juu ya nyayo hizo, sogeza picha, usisogeze barabara.
2. Chora jengo kwa kufuata kitako chake, si paa. Kwenye picha iliyopigwa kwa kuinama, paa la ghorofa huonekana limehama mita kadhaa. Ukimaliza, bonyeza herufi Q kunyoosha kona.
3. Chora mitaro kwa kufuata maji yanakoelekea, kutoka juu kwenda chini. Mwelekeo wa mstari ndio mwelekeo wa maji. Mtaro wa zege au mawe ni `waterway=drain`, wa udongo ni `waterway=ditch`. Wenye mifuniko uongezee `covered=yes`.
4. Kalavati ni kipande tofauti cha mstari: kata mtaro pande zote mbili za barabara, kisha kipande cha katikati kipe `tunnel=culvert` na `layer=-1`.
5. Vichochoro vya kupita kwa miguu vichorwe vyote. Siku ya maji, ndivyo barabara.

Onyo: usinakili chochote kutoka Google Maps. Leseni hairuhusu, na wahariri wengine wakigundua wataifuta kazi yote. Majina ya vichochoro yaulizeni kwa wajumbe.

## Hatua ya 3: Tengenezeni fomu

Kwenye KoboToolbox, tengeneza fomu moja isiyozidi maswali 15. Fomu ndefu hujazwa vibaya kuanzia nyumba ya kumi. Hii inatosha:

- Namba ya mkusanyaji (si jina)
- Mahali, kwa GPS
- Aina ya pointi: nyumba, mtaro, kalavati, njia, mahali pa kukimbilia
- Je, maji yalifika hapa katika tukio tulilochagua? Ndiyo au hapana
- Kina nje ya nyumba, kwa sm
- Kina ndani ya nyumba, kwa sm
- Kipimo kimetoka wapi: alama inayoonekana, mkazi ameonyesha kwa mkono, au sehemu ya mwili
- Maji yalikuja kutoka upande gani
- Yalianza kuingia saa ngapi, na yalikaa saa ngapi
- Picha ya alama (isiyo na sura ya mtu)
- Maelezo

Kwenye kina tumia swali la namba kamili (integer), lisilokubali desimali, lenye sharti `. >= 0 and . <= 300`. Bila hilo kuna mtu ataandika 1.5 akimaanisha mita, na mwingine 150 akimaanisha sentimita, na hamtagundua hadi ramani itoke. Maswali ya kina yajitokeze pale tu jibu la "maji yalifika" likiwa ndiyo.

Programu ya KoboCollect hupakuliwa kwenye simu za Android. Anwani ya seva inaonyeshwa kwenye ukurasa wa fomu yako. Iandike kama ilivyo. Pakueni fomu mkiwa na mtandao, kisha zimeni data. Kazi ya mtaani haihitaji bando, ila kutuma jioni.

Majina na namba za simu za wakazi msizichukue. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na isitoshe hamna pa kuzitumia.

## Hatua ya 4: Pimeni mitaro na makalavati

Hapa ndipo tungewashauri mtumie muda zaidi kuliko mahali pengine popote. Ramani inayoonyesha maji yalifika wapi inasikitisha tu. Inayoonyesha kwa nini yalifika ndiyo unaweza kuipeleka halmashauri.

Fuata kila mtaro tangu unapoanzia hadi unapomwaga. Kila mita 50, na kila unapobadilika umbo, pima:

- upana wa juu na upana wa chini;
- kina kutoka ukingo hadi sakafu ya mtaro, kwa kuchoma fito hadi igonge zege;
- kina kutoka ukingo hadi juu ya taka au mchanga.

Tofauti ya vile vina viwili ndiyo unene wa taka. Watu wengi hupima kina kimoja tu, cha juu ya taka, kisha wanaripoti kwamba mtaro ulijengwa mfupi. Mhandisi akija na mchoro wake wa ujenzi, hoja inakufa hapo hapo.

Kwenye kalavati pima kipenyo cha bomba, au upana na kimo kama ni la sanduku, pande zote mbili za barabara. Upande wa kuingilia na wa kutokea mara nyingi havifanani: mmoja umezibwa, mwingine mweupe.

Sasa hesabu ndogo. Mtaro wa upana wa mita 1 na kina cha mita 0.8 una eneo la mita za mraba 0.8. Ukiingia kwenye bomba la kipenyo cha mita 0.6, eneo la bomba ni kama 0.28. Yaani njia imebaki zaidi kidogo ya theluthi moja, na hapo bomba ni safi. Likijaa mchanga nusu, limebaki 0.14. Kalavati la namna hiyo liwekeeni alama nyekundu; kila nyumba iliyo upande wake wa juu, maji yanakotokea, inalipia kosa hilo. Mkiipata hali hii, angalieni pia mabomba ya maji safi na nyaya zilizopitishwa katikati ya kalavati. Mifuko ya plastiki hunasa hapo.

Vipimo vya mtaro unaweza kuviweka OpenStreetMap kwa `width` na `depth`, kwa mita. Unene wa taka usiuweke huko. Hubadilika kila wiki. Huo ubaki kwenye Kobo.

## Hatua ya 5: Nyumba kwa nyumba

Anzeni kwenye mto au mtaro, mkipanda kwenda juu. Chukueni pointi kila mita 30 hadi 50 kando ya kila kichochoro. Endeleeni hadi mpate nyumba tatu mfululizo ambazo maji hayakufika, na hizo nazo mzirekodi kwa "hapana". Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote: timu hurekodi walioathirika peke yao, na mwisho ramani haina ukingo, haijulikani maji yaliishia wapi. Pointi kavu ni kipimo sawa na zile za maji.

Mlangoni:

1. Salimia, jitambulishe, taja mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, onyesha barua. Eleza kwamba unachora maji yalipofika. Ukiulizwa kama wataondolewa au watalipwa fidia, jibu kwamba hujui na kazi hii haiamui hilo. Usiahidi. Katika mitaa yenye tetesi za fidia, wapo watakaoongeza kina. Penye tetesi za bomoabomoa, wapo watakaokipunguza. Dawa ya vyote viwili ni alama inayoonekana.
2. Tafuta alama: mstari wa tope kwenye plasta, chokaa iliyobadilika rangi, kutu kwenye geti, mbao ya kabati iliyovimba chini. Tope la ndani ya chumba kisichopakwa rangi upya ndilo shahidi mzuri zaidi.
3. Pima kutoka usawa wa ardhi nje hadi kwenye alama. Kisha pima kutoka sakafu ya ndani. Nyumba za mabondeni nyingi zimeinuliwa msingi kwa sm 30 hadi 60, na baadhi zimejazwa kifusi baada ya mafuriko. Ukipima ndani tu, nyumba mbili zinazopakana zitaonekana kama ziko mito miwili tofauti.
4. Kama hakuna alama, mwombe mkazi aonyeshe kwa mkono ukutani, upime hapo. "Yalifika kiunoni" ni kauli ya mwisho kabisa kuitegemea, na uulize kiuno cha nani. Kwa mtu mzima chukulia goti sm 50 na kiuno sm 100, na uandike kwamba chanzo ni sehemu ya mwili.
5. Toka nje ya mabati kuchukua GPS. KoboCollect husubiri usahihi wa mita 5 kabla ya kuhifadhi yenyewe; kwenye kichochoro chembamba simu inaweza kubaki kwenye 15 au 20. Sogea hadi penye uwazi wa karibu, subiri dakika moja, na kwenye maelezo andika "nyumba iko mita 8 mashariki".

Zungumza na waliokuwepo nyumbani saa ile. Baba aliyerudi jioni atakwambia maji yalifika wapi. Mama aliyekuwa anapika, au bibi aliyebaki na wajukuu, ndiye atakayekwambia yalitoka upande gani na yalichukua muda gani kufika mlangoni, na hilo la pili ndilo mtakalolihitaji kwenye hatua ya 9.

Jioni hiyo hiyo tumeni fomu, mzifungue pamoja kwenye kompyuta. Kosa la leo linarekebishika kesho asubuhi. La wiki iliyopita halirekebishiki.

## Hatua ya 6: Hakikini kwa mpira wa maji

Kwenye umbali mfupi, maji yaliyotuama huwa bapa. Kwa hiyo alama za tukio moja kwenye nyumba zinazotazamana zinapaswa kuwa usawa mmoja, hata kama kina kinatofautiana kwa sababu ardhi imeinama.

Jaza mpira maji, toa mapovu yote (povu moja linatosha kuharibu kipimo), shika ncha moja kwenye alama ya nyumba ya kwanza na nyingine kwenye ya pili. Tofauti ikiwa chini ya sm 10, vizuri. Ikizidi sm 20, kuna moja kati ya matatu: mmoja amekosea, mmoja anasimulia tukio jingine, au ukuta uliyazuia maji upande mmoja. La tatu ni habari muhimu, liandike. Uzio wa matofali uliojengwa kukatiza njia ya maji ni kisababishi cha mara kwa mara, na hauonekani kwenye picha ya setilaiti.

Fanyeni hivi kwa kila pointi ya kumi hivi. Zote hamtaziweza.

## Hatua ya 7: QGIS

1. Pakua matokeo ya Kobo kama faili la jedwali (CSV), yaingize kama pointi.
2. Pakua majengo, mitaro na njia za OpenStreetMap kwa QuickOSM, plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya QGIS.
3. Hamisha kila tabaka kutoka digrii kwenda mfumo wa ramani unaopima kwa mita (kila mfumo una namba yake ya EPSG): Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Zanzibar ni EPSG:32737, Mwanza na Dodoma ni EPSG:32736, Kigoma ni EPSG:32735.
4. Zipake pointi rangi kwa madaraja manne: kavu, chini ya sm 50, sm 50 hadi 100, zaidi ya 100.
5. Chora mipaka ya madaraja kwa mkono, ukipita kati ya pointi na kufuata kuta, barabara zilizoinuka na mitaro.

Hatua ndogo ya 5 ndiyo wataalamu wa kompyuta huipinga, wakitaka programu ikadirie yenyewe. Ijaribuni muone. Kwa pointi 150, ukadiriaji wa mashine utamwaga maji juu ya kilima kwa sababu tu kuna pointi mbili zenye maji kila upande. Takwimu za mwinuko za bure za setilaiti zina chembe za mita 30 na makosa ya wima yanayoweza kuzidi kina chote cha mafuriko yenu, kwa hiyo nazo haziamui nyumba ipi imeingia.

Kisha chora ukanda wa mita 60 kila upande wa mto, ule ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani yake, kama mstari mwembamba wa nukta. Watu watauliza, ni afadhali uwepo. Lakini uwe tofauti kabisa na mpaka wa mafuriko: kuna nyumba ndani ya mita 60 zisizoingia maji, na zipo za mita 300 zinazozama kwa ajili ya kalavati moja.

Mkihesabu majengo yaliyomo, msiandike idadi hiyo kama kaya. Nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita.

## Hatua ya 8: Chapisheni, mtundike, mkosolewe

Karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:2,500 inabeba eneo la takriban kilomita 1.5 kwa 2.1, na sentimita moja ni mita 25. Kwa shina moja, A3 ya 1:1,000 inatosha na inafotokopika kwa bei ndogo. Kwa kuwa nakala nyingi zitakuwa nyeusi na nyeupe, tofautisheni madaraja kwa mistari na nukta, si rangi peke yake. Weka majina ambayo watu wanayatumia: "kwa fulani muuza mkaa" hapana, hilo ni jina la mtu; kisima, mti, kituo cha bodaboda, duka la kona, ndiyo.

Itundikeni ofisi ya serikali ya mtaa kwa wiki mbili ikiwa na kalamu pembeni. Kisha kaeni na makundi tofauti: mama lishe, bodaboda, waokota chupa, wazee. Kwenye mkutano wa hadhara mmoja wataongea wanaume watatu. Kila sahihisho liende kuhakikiwa mahali penyewe kabla ya kuingia kwenye faili.

## Hatua ya 9: Njia za kutoka na tahadhari

Chagueni mahali pa kukimbilia: shule, msikiti, kanisa, penye choo na pakavu kwa mujibu wa pointi zenu. Swali linalosahaulika ni nani ana funguo saa nane usiku. Wawe watu wawili, na majina yao yajulikane kwa wajumbe, ila yasiandikwe kwenye ramani ya mtandaoni.

Kila njia itembeeni kwa miguu, mmoja akiwa amebeba mtoto, mkipima muda. Njia inayovuka mtaro bila daraja lenye kingo ifutwe. Maji yakishafunika, mtu haoni mtaro uko wapi.

Kwa tahadhari, unganisheni ngazi za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kazi za mtaa:

- Angalizo: safisheni midomo ya makalavati mliyoyawekea alama nyekundu, funguo zihakikiwe.
- Tahadhari: msomaji wa kipimo cha mto aanze kusoma kila saa, wagonjwa na wazee wa daraja la zaidi ya sm 100 wahamishwe mapema, mchana.
- Tahadhari kubwa: msisubiri mto. Wote wa eneo la zaidi ya sm 100 waondoke, wazime swichi kuu ya umeme.

Kipimo cha mto ni ubao au mistari ya rangi ya mafuta kwenye nguzo ya daraja lililo juu ya mtaa wenu, kila sm 10, yenye kijani, njano na nyekundu. Mwenye daraja, TARURA au TANROADS, aombwe kwanza. Nyekundu iwekwe pale ambapo, kwa kulinganisha na masimulizi ya hatua ya 5, bado mna muda wa kutembea njia ndefu kuliko zote mara mbili. Msomaji asome kutoka barabarani kwa tochi, asishuke ukingoni.

Ujumbe uende WhatsApp, lakini pia kwa filimbi na kipaza sauti cha msikiti, kwa sababu umeme ukikatika usiku simu nyingi zitakuwa zimezima. Namba za dharura, 112 na 114, ziandikwe kwa herufi kubwa chini ya ramani.

## Matatizo ya kawaida

Pointi zimetokea Ethiopia. Latitudo ya Dar ni hasi, takriban -6.8. Alama ya kutoa imepotea. Zikitokea baharini magharibi mwa Afrika, GPS ilikuwa sifuri, zifute, msikisie.

Ukanda wa mita 60 umefunika dunia nzima. Tabaka bado liko kwenye digrii. Rudi hatua ya 7, namba 3.

Fomu zipo kwenye simu lakini hazionekani kwenye seva. Zimehifadhiwa kama rasimu. Zifungue, zikamilishe, kisha tuma. Usifute programu kabla ya hapo. Fomu zitaondoka nayo.

Desimali zimeharibika. Programu ya jedwali iliyowekwa kwa mtindo wa Ulaya husoma nukta tofauti. Ingiza CSV moja kwa moja QGIS bila kuipitisha huko.

Pointi zote ziko mita 10 pembeni ya majengo, upande uleule. Picha ilisogea wakati wa kuchora. Zikiwa zimetawanyika kila upande, ni GPS ya simu. Zifunge kwa jengo kwa kutumia maelezo na picha.

Tulichokichora OpenStreetMap hakionekani. Ramani ya tovuti huchelewa kujichora upya. Pakua data kwa QuickOSM uone. Kama haipo kabisa, angalia historia ya eneo: huenda kuna mtu amefuta, na mabadiliko hurudishwa.

Ramani inasomeka vibaya WhatsApp. Mmeituma kama picha, ikabanwa. Itumeni kama waraka wa PDF, chini ya MB 5.

Mwenye nyumba anataka nyumba yake itolewe kwenye daraja la hatari. Nendeni naye na mpira wa maji, pamoja na mjumbe na jirani wawili. Kipimo kikimuunga mkono, sahihisheni. Kisipomuunga, mpaka unabaki, na mumwonyeshe kwamba ramani ya umma haina jina lake wala kina cha nyumba yake, ina rangi ya eneo tu.

Mtaro umejengwa upya au kalavati limebadilishwa. Pimeni kipande hicho tena, andikeni tarehe kwenye kona ya ramani, na mpaka wa zamani ubaki kama tabaka hadi mvua kubwa moja ipite. Mtaro mpya wa juu mara nyingi huyaharakisha maji kwenda kwa walio chini, kwa hiyo siku hiyo hiyo wajulisheni mtaa unaofuata.